Niko Kadi

Mtaa wetu Kayole, hata kabla ujue kuvuka Spine Road bila kushikwa mkono, ushajua sheria moja: ukikaribia kumaliza karata, unatangaza. "Niko kadi!" Unaisema mbogi yote isikie, na kama kuna mathe amekaa hapo kwa ngazi anakata sukuma, pia yeye asikie. Ukijifanya mjanja umalize kimya kimya, unaokoteshwa, unarudi nyuma na unachekwa mpaka Jumatatu.

Hiyo ndiyo tuliita poka. Mbili unaokota mbili, tatu unaokota tatu, joka unaokota tano. Jeki inaruka msee, kingi inarudisha game kwa yule alikuwa anajidai amepona. Kwini na nane ni maswali, na swali lazima lijibiwe. Esi ndiyo mwokozi: inazuia kuokota na inabadilisha mambo. Kila ploti iko na katiba yake kidogo, na vita nyingi za utoto wangu zilikuwa za katiba, si za karata. Kampala wako na game kama ndugu ya hii na wanaiita matatu. Sijawahi kuuliza inabeba abiria wangapi.

Nakupa hii historia juu mi nilikua nikijua niko poa sana kwa poka. Hiyo ujuaji ndiyo ilinipeleka kichinjio.

KAFYU NA KWINI NA NANE

Mi ni fundi wa simu. Niko na kastall Luthuli, kadogo hivi ukipiga chafya majirani wawili wanakuambia pole. Machi 2020 serikali ikaleta kafyu ya saa moja usiku mpaka saa kumi na moja asubuhi, na wateja wakapotea kama maji ya mfereji. Saa tisa nishafunga, nakimbizana na mat, saa kumi na mbili niko keja na fone, bando na mawazo. Siku moja nikapatana na app imeandikwa poka. Nikajiambia, si hii ni game yangu ya ngazi? Leo watanijua.

Nikapewa karata mbili tu. Kwini na nane. Yani maswali mawili mkononi! Nikasukuma chipsi zangu zote katikati. (Chipsi hapa si za viazi, ni zile vibonge za kuhesabia dooh, na siku hiyo zilikuwa za bure, za kujifunzia.) Msee fulani ako na pea ya tisa akanifagia. Nikabaki nakodolea skrini macho nikingoja mtu ajibu swali.

Ikabidi nikae chini nisome. Hii game inaitwa Texas Hold'em na inaenda hivi. Kila msee anapewa karata mbili za siri. Halafu zinafunguliwa tano katikati, za watu wote: tatu kwa mpigo, hiyo ni flopu; ya nne, tani; ya tano, riva. Kwa hizo saba unachagua tano zako kali. Kabla na baada ya kila hatua kuna kuweka dooh: unaweza kulipa uendelee, unaweza kuongeza, unaweza kutupa karata uhepe. Na unaweza kuenda olini, yani kila kitu yako mezani, hakuna kurudi.

Lakini kitu ilinimaliza akili si hizo hatua. Poka ya ngazi inataka utangaze. Hii nyingine inataka ufiche. Ukiwa na moto unakaa kama umesota, na ukiwa umesota unakaa kama uko na moto. Yule msee anafichua sura, analiwa.

JINA LAKE NI MONEYMAKER, WALAI

Usiku mmoja wa kafyu nikadondokea video ya 2003. Mashindano ya dunia, Las Vegas, kiingilio dola 10,000, wachezaji 839. Kati yao kuna mhasibu wa Tennessee, kofia na miwani nyeusi, anaitwa Chris Moneymaker. Si jina ya mtaa, ni ya kitambulisho. Huyu hakuwa amelipa hizo elfu kumi. Alikuwa ameshinda tiketi kwa intaneti, kwa game ya kiingilio cha chini ya dola 100.

Wamebaki wawili, yeye na Sam Farha, mtaalamu mwenye sigara mdomoni haiwashwi. Riva imefunguliwa. Moneymaker hana kitu. Alikuwa anangojea rangi moja haikuja, mfuatano haukuja, ana kingi peke yake kama mlinzi wa benki imefungwa. Farha ako na pea ya tisa, ambayo inatosha kabisa. Moneymaker anaenda olini. Farha anafikiria, anamwangalia, anaongea naye, anamwangalia tena. Moneymaker ni sanamu. Farha akatupa. Baadaye kidogo mhasibu akabeba dola milioni 2.5.

Mwaka uliofuata wachezaji wakawa 2,576. 2006 wakafika 8,773. Kila msee na kompyuta alijiona kwa hiyo kofia, na miaka kumi na saba baada ya hiyo 2003, Kayole, juu ya godoro, na mimi nikajiona.

Ile video niliirudia mpaka bando ikaisha. Sikuwa naangalia karata. Nilikuwa naangalia uso. Nikaanza kufanya mazoezi kwa kioo ya mathe.

SURA MPAKA NYUMBANI

Nilianza na zile mashindano za bure, zenye watu maelfu wanapigania dola chache. Mara ya tano hivi nikamaliza kati ya wale wa juu nikapata dola mbili na senti. Ukiniuliza hiyo siku, nilikuwa nimeomoka. Nilitangazia ploti nzima, kuanzia caretaker mpaka yule mtoi wa kuuza mayai. Nikaongeza dooh yangu kidogo, nikashinda tena. Kwa wiki tatu nilikuwa profesa.

Halafu ikafika ile Alhamisi. Kapito yangu yote ilikuwa ngiri tatu, na yote ilikuwa kwa meza moja. Nikapewa esi mbili. Kwa hesabu, hizo unapewa mara moja kwa kila 221, kwa hivyo usishangae moyo ukipiga ngoma. Nikaongeza, msee akaongeza, nikaenda olini, akalipa. Akafungua kingi mbili. Hapo kabla ya flopu, kwa kila mia, mi nashinda kama 82. Nilishaanza kuchagua ndula.

Flopu ikakuja na kingi.

Nikapoteza yote, na kile kilifuata wale wanajua wanakiita tilti. Ni pale unaacha kucheza karata unaanza kucheza hasira. Sikuona zile mara 18 kwa mia ni mara za kweli, zinakuja na zina haki yao. Niliona nimeibiwa na lazima nirudishiwe, usiku huo huo. Nikachukua mkopo wa simu, ngiri sita. Zikaenda. Kodi ya keja ilikuwa imekaa kwa M-Pesa ikingoja tarehe tano, ngiri nane. Saa tisa usiku pia hiyo ikaenda. Ngiri kumi na nne za watu, tukiacha zangu.

Asubuhi nikaamka nikaenda kazi, nikavaa uso wa Moneymaker. Mathe akaniuliza, "Kijana, kodi uko nayo?" Nikamwambia, "Iko, mathe." Bila kupepesa. Na hapa ndipo nataka uelewe: nilijisikia poa. Nilifikiria, cheki, nimeiva, hadi mathe hanisomi. Zile dola mbili nilitangazia mtaa. Hizi ngiri kumi na nne sikuambia mtu yeyote.

WATU TISA KWA SIMU

Mbogi nilipata kwa bahati. Mteja wangu, konda wa mat za Umoja, alikuja kubadilisha skrini, na fone yake ilipowaka nikaona meza ya poka. Tukaangaliana kama wezi wawili wa mtaa mmoja. Akaniingiza kwa grupu yao ya WhatsApp. Tisa tu, na hawaongezi ovyo: yeye konda, nesi wa shifti ya usiku, mwanafunzi wa hesabu, dereva wa teksi, mama wa kuuza mitumba, jamaa wa Kampala, na msee wa Mombasa anayeandika Kiswahili kimenyooka hadi sisi wa Nairobi tunaona haya kujibu. Wengine wawili kazi yao sijawahi kuijua na si adabu kuuliza.

Nilidhani ni grupu ya kuringiana. Nikatuma mkono wangu mmoja nilishinda, nikingoja moto na makofi. Nilikuwa na maua manne, nangoja la tano, imebaki riva peke yake. Mezani kuna soo mbili, msee akaweka soo sita, mi nikalipa, ua likaja, nikabeba. Nikamalizia na kacheko.

Nesi akajibu kwanza: "Futa hapo mwisho."

Sikuelewa. Konda akanieleza sheria ya hapo: ukileta mkono, unauleta mpaka pale uliamua, unanyamaza. Husemi uliishia aje. Juu wakijua ulishinda watasema ulicheza vizuri, na wakijua ulipoteza watasema ulicheza vibaya, na zote mbili zinaweza kuwa uongo.

Halafu mwanafunzi akafungua daftari. Karata unazoona ni sita: mbili zako na nne za mezani. Zimebaki 46, na maua ndani yake ni tisa. Yani mara moja kwa tano, hivi. Unalipa soo sita kuwania soo nane. Ukifanya hiyo kitu mara tano, mara nne unapoteza 600, hiyo ni 2,400. Mara moja unashinda 800. Umerudi nyumbani na deni ya 1,600 na stori tamu ya hiyo mara moja.

"Kwa hivyo hukucheza," nesi akaandika. "Uliombewa."

Nililala na hiyo kitu. Kwa sababu maisha yangu yote ya ile miezi ilikuwa hiyo mara moja ya tano. Zile nne nilikuwa nazificha hata kwangu.

Sheria ya pili ya grupu ilikuwa kali kuliko hiyo. Kila Jumapili saa mbili usiku, kila mtu anatuma skrinshoti ya kapito yake. Hasara kwanza, faida baadaye. Mama wa mitumba aliniambia ni kama chama: pesa inawekwa mezani, kila jicho liko hapo, hakuna kusema "nitatuma". Jumapili mbili nilisema bando imeisha. Ya tatu konda akanitumia bando.

Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika tena: "Niko chini ngiri 14. Nane ni kodi. Sita ni mkopo. Nyumbani hawajui."

Nilitarajia wacheke ama wachange. Hawakufanya yoyote. Msee wa Mombasa aliandika, "Pole, ndugu yangu. Deni ni kama kikohozi, halifichiki." Konda akaongeza, "Buda, ambia mathe leo. Si kesho." Na wakanipa kadi nyekundu: miezi mitatu sichezi dooh yoyote, za bure peke yake, na mkopo unalipwa na screwdriver, si na karata.

MATHE AMENISOMA

Nilimpata jikoni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Donholm, kwa jam. Nikaanza, "Mathe, kuna kitu..."

"Ni pesa ya kodi," akasema, bila kugeuka. "Ulikula."

Nikakwama. Nilimwuliza amejua aje, na nilikuwa nimekaa sawa, sura haijaonyesha kitu.

"Sura gani? Wewe tangu wiki iliyopita unaosha vyombo bila kutumwa. Mimi nimekaa kwa chama miaka ishirini. Mtu amekula pesa ya watu, kwanza anakuwa na adabu."

Kwa poka hiyo inaitwa alama. Ni kile kitu mwili wako unasema wakati mdomo umefungwa: msee anagusa sikio akiwa na karata kali, mwingine anapumua haraka akidanganya. Wataalamu wanatumia miaka kuzisoma. Mathe alisoma yangu kwa sufuria moja iliyong'aa. Mimi niliyekuwa nafanya mazoezi kwa kioo chake.

Hakunipigia kelele, na hiyo ndiyo iliuma. Alienda kuongea na landlord tulipe kwa awamu. Mimi nikashinda Luthuli mpaka taa zizimwe, nikibadilisha skrini na mifumo ya chaji. Miezi minne ndiyo ilinitoa.

RULE, SI MSEE

Nilirudi mezani polepole. Mwanafunzi alinionyesha stori ya Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa 2000, nywele ndefu na ndevu mpaka wakamwita Jesus. 2006 alijipa jaribio: aanze na dola sufuri, acheze zile za bure tu, halafu hata akipata, asiweke mezani zaidi ya asilimia 5 ya kapito yake. Ilimchukua zaidi ya mwaka, lakini alifika dola 10,000. Sehemu kubwa ya huo muda ilikuwa kuhangaikia senti.

Na hapo hapo mwanafunzi akanipa upande wa pili. Ferguson alikuwa mmoja wa mabosi wa saiti ya Full Tilt, na hiyo saiti ilifungwa 2011 ikiwa haiwezi kulipa wachezaji pesa zao. Kwa hivyo fuata rule, usifuate msee.

Kapito yangu leo ni ngiri sita na nusu. Asilimia 5 yake ni kama soo tatu, na hiyo ndiyo kubwa kabisa naweza kuweka mezani. Ikipungua, na mimi napungua. Ikifika sufuri, imeisha, hakuna kuongezea kutoka kwa kazi. Nikigawanya nilichopata kwa masaa nimekaa, hata chai ya konda haitoshi. Nakwambia hivyo juu ukienda mtandaoni utapata watu wa kukuuzia ndoto, wamekaa kwa ndai ya kukodisha.

Usichanganye pia hii na mkeka ama zile ndege za kupaa kwa skrini. Huko unapigana na nyumba, yani kampuni yenyewe, na nyumba ndiyo iliandika hesabu. Mambo yalifika mahali mwisho wa Aprili 2025 serikali ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Poka unapigana na msee mwenzako, kwa hivyo akili ina nafasi. Lakini usijidanganye: hata hapo nyumba inakata yake kwa kila mzunguko, kama kamagera wa stage, ushinde usishinde. Wawili wakiwa na akili sawa, anayeenda nyumbani na faida ni mwenye meza. Wengi wanapoteza. Na kama hujafika 18, karata zako bado ni zile za ngazi.

Na talanta haikuokoi. Kulikuwa na Mmarekani, Stu Ungar, wengi wanasema hajazaliwa mwingine kama yeye kwa karata. Alishinda dunia 1980, 1981, akapotea, akarudi 1997 akashinda tena dola milioni 1. Novemba 1998 alipatikana amekufa kwa moteli ya bei ya chini, Las Vegas, miaka 45, amesota. Alisoma kila mtu aliyekaa mbele yake. Najiuliza kama kulikuwa na mtu wa kumtumia bando siku ya Jumapili.

NGAZINI

Wikendi iliyopita stima ilipotea mtaani. Watoi wa ploti wakaleta karata kwa ngazi, tochi ya simu imening'inizwa kwa kamba ya nguo. Nikaombwa nijaze namba. Mathe alikuwa hapo na sukuma yake, kisu kinaenda chenyewe.

Nilicheza kama mtu wa Vegas. Uso umekauka, karata zimefunikwa na kiganja. Nikabaki na nne mbili, moja ya maua, na mezani pamelala ua. Zamu ijayo namwaga. Nikatupa jicho kwa watoi, hakuna anayeshuku, nikanyamaza kama Moneymaker.

"Huyo ako kadi na hajasema," mathe akatangaza, macho kwa mboga. "Ameanza kunisaidia kuchambua sukuma."

Nikaangalia mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa na majani matatu.

Nikaokoteshwa mbili, kwa katiba ya ploti yetu. Watoi walicheka mpaka stima ikarudi. Saa mbili kamili fone ikalia: Jumapili, grupu. Konda keshatuma yake, nesi keshatuma yake, hasara juu, faida chini. Nikapiga skrinshoti. Wiki hiyo nilikuwa nimerudi nyuma soo nne.

Nikatuma, na chini yake nikaandika maneno mawili. Hawakuhitaji kuuliza maana.